Peter Scott: Mwindaji aliyegeuka mlinzi wa ndege wa milango ya mito

MAJI yanapokupwa katika mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, hubaki uwanda mpana wa tope la rangi ya kahawia ambao mgeni anaweza kudhani hauna uhai wowote. Lakini mwenye subira akikaa kitako na kutazama, ataona uwanda huo ukitembea. Ni ndege kwa mamia, wakubwa kwa wadogo, wanaodonoadonoa topeni wakitafuta riziki kabla bahari haijarudi kuifunika meza yao.

Wengi wa ndege hao si wenyeji. Wamesafiri maelfu ya kilomita kutoka kaskazini ya mbali, Ulaya na Asia, wakiikimbia baridi kali inayogandisha ardhi ya kwao. Kila mwezi wa Januari, wataalamu na watu wa kujitolea hujitoma katika maziwa na fuo mbalimbali za nchi hii, darubini mkononi, kuwahesabu ndege wa majini. Takwimu hizo huunganishwa na za mataifa mengine ili ulimwengu ujue ni ndege gani wanaongezeka na ni gani wanaotoweka.

Kazi hiyo ya kuhesabu, pamoja na mkataba wa kimataifa unaolinda maziwa kama Nakuru na Naivasha, ina uhusiano wa karibu na sehemu moja ya tope iliyo mbali sana na Sabaki. Ni ukingo wa mlango wa Mto Severn, magharibi mwa Uingereza, katika kijiji cha Slimbridge. Hapo ndipo alipoishi Peter Scott, mtu ambaye katika ujana wake alikuwa akienda matopeni si kwa darubini, bali kwa bunduki.

Wasia wa baba

Peter Markham Scott alizaliwa London mnamo Septemba 14, 1909. Baba yake, Nahodha Robert Falcon Scott, alikuwa afisa wa jeshi la majini na mvumbuzi mashuhuri wa bara la barafu la Antaktika. Mama yake, Kathleen Bruce, alikuwa mchongaji sanamu mwenye sifa kubwa. Jina la Peter alipewa kutokana na Peter Pan, yule mtoto wa kubuni wa mwandishi J.M. Barrie, ambaye alikuwa rafiki wa familia na ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo.

Mtoto huyo hakubahatika kumjua baba yake. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, nahodha alifunga safari kwenda kutafuta Ncha ya Kusini ya dunia. Alifika huko Januari 17, 1912, na kukuta kwamba Roald Amundsen wa Norway alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Katika safari ya kurudi, Nahodha Scott na wenzake wanne waliangamia kwa njaa, uchovu na baridi. Yeye mwenyewe alikata roho mwishoni mwa Machi 1912, akiwa ndani ya hema lililozingirwa na dhoruba ya theluji. Mwili wake ulipopatikana miezi minane baadaye, ulikutwa na barua alizoandika huku mauti yakimkodolea macho.

Moja kati ya barua hizo ilikuwa ya mkewe. Humo alimwachia wasia juu ya malezi ya mwana wao: ajitahidi kumfanya kijana huyo apende elimu ya viumbe na maumbile, kwa kuwa hiyo ni bora kuliko michezo. Peter alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu tu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kathleen aliushika wasia huo kwa mikono miwili. Aliuzungushia utoto wa mwanawe viumbe wa kila namna, na mkono uliorithi ufundi wa mama ukaanza mapema kuchora kila kilichoonwa na jicho. Mwaka 1922 mama huyo aliolewa tena na mwanasiasa Edward Hilton Young, na Peter akapata baba wa kambo na baadaye ndugu mdogo.

Hata hivyo, kukua kama mwana wa shujaa aliyekufa hakukuwa jambo jepesi. Uingereza nzima ililijua jina la baba yake. Popote kijana huyo alipoingia, kivuli cha marehemu kilimtangulia mlangoni. Huenda hiyo ndiyo sababu alitumia maisha yake yote akijaribu kufaulu katika kila alichokigusa.

Mapenzi yaliyoambatana na risasi

Baada ya masomo katika Shule ya Oundle, Scott alijiunga na Chuo cha Trinity, Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1927. Alianza na sayansi ya viumbe, lakini akahitimu katika historia ya sanaa. Baadaye aliendelea kujifunza uchoraji mjini Munich, Ujerumani, na katika shule ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini London.

Lakini darasa lililomteka moyo halikuwa na kuta. Mashariki mwa Uingereza kuna nyanda za chini zenye mabwawa na mifereji, ambazo humalizikia katika ghuba kubwa ya tope iitwayo The Wash. Kila msimu wa baridi, bata bukini kwa maelfu huteremka huko kutoka Iceland na kaskazini ya mbali. Scott na rafiki zake walikuwa wakitoka usiku wa manane, wakajilaza katika tope na baridi kali, wakisubiri alfajiri ndege wapite juu ya vichwa vyao.

Wakati mwingine walitumia mashua bapa zilizofungwa bunduki kubwa mithili ya mzinga mdogo, ambayo mlipuko wake mmoja uliweza kuangusha ndege wengi kwa mpigo. Kijana huyo hakuona ubaya wowote. Aliwapenda bukini, akawachora, akajifunza sauti na mwendo wao, kisha akawaua.

Mwaka 1933 alihamia katika mnara mkuukuu wa taa uliosimama peke yake ukingoni mwa Mto Nene, karibu na mahali mto huo unapoingia The Wash. Hapo aliishi kwa miaka kadhaa kabla ya vita, akichora picha za ndege wakiruka katika mawingu ya jioni na ya alfajiri. Mwaka huo huo maonyesho yake ya kwanza yalifanyika London, na picha zake zikapendwa na kununuliwa kwa wingi.

Kuuzunguka mnara huo alianza kufuga bukini na bata wa aina mbalimbali. Habari za msanii aishiye mnarani na ndege zilienea, na mwandishi wa Marekani Paul Gallico alizitumia kama mbegu ya hadithi yake fupi, The Snow Goose, iliyochapishwa mwaka 1941.

Ni katika miaka hiyo ndipo dhamiri ilipoanza kumsuta. Siku moja baada ya msako, bukini aliyejeruhiwa aliangukia mahali penye tope laini ambapo hakuna binadamu aliyeweza kukanyaga bila kuzama. Hakufa, na hakuna aliyeweza kumfikia ili kumpunguzia mateso. Siku iliyofuata Scott aliporudi, ndege yule alikuwa pale pale, angali hai.

Tukio hilo lilimkaa rohoni. Akajiuliza ni haki gani aliyo nayo binadamu ya kumtendea hivyo kiumbe ambaye yeye mwenyewe anadai kumpenda. Jibu halikumjia kwa siku moja, wala bunduki hakuiweka chini papo hapo. Aliendelea kuwinda kwa miaka kadhaa, huku swali likimla polepole kama mchwa ulavyo mlango, hadi hatimaye akaachana kabisa na uwindaji.

Mwanamichezo na mwanajeshi

Kinyume na maneno ya wasia, Scott hakuitupa michezo. Katika Michezo ya Olimpiki ya 1936 iliyoandaliwa na Ujerumani, aliiwakilisha Uingereza katika mbio za mashua za tanga na kutwaa nishani ya shaba. Miaka mingi baadaye, mwaka 1963, akawa bingwa wa Uingereza wa kurusha ndege zisizo na injini. Mwaka 1964 aliongoza mashua ya Uingereza katika shindano la Kombe la Amerika, ingawa huko Wamarekani walimshinda kwa urahisi.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka 1939, alijiunga na jeshi la majini. Alihudumu katika manowari zilizosindikiza misafara ya meli za shehena katika bahari ya Atlantiki, kisha akaongoza kikosi cha boti ziendazo kasi katika mlango-bahari unaotenganisha Uingereza na Ufaransa. Alitunukiwa nishani ya ushujaa mara mbili.

Jicho la msanii lilimfaa hata vitani. Alibaini kwamba usiku, meli iliyopakwa rangi nyeupe na nyinginezo hafifu haionekani kwa urahisi kama meli yenye rangi nzito, na mtindo huo wa kupaka rangi ukakubaliwa na jeshi kwa meli nyingi za Atlantiki.

Vita vilipomalizika mwaka 1945 aliingia katika siasa na kugombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Conservative. Alishindwa kwa kura chache mno. Lau angeshinda, pengine historia ya uhifadhi wa mazingira duniani ingeandikwa kwa namna nyingine.

Kibanda cha zege ukingoni mwa Severn

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1945, Scott alialikwa Slimbridge kutazama bukini wenye paji jeupe ambao hutoka Urusi kila mwaka na kupitisha msimu wa baridi katika nyasi za ukingo wa Mto Severn. Mlango wa mto huo una sifa ya pekee. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 14, miongoni mwa tofauti kubwa kabisa duniani. Maji yakiondoka huacha maeneo makubwa ya tope lenye chakula tele cha ndege.

Wageni hao walichungulia kutoka katika vibanda vya zege vilivyojengwa wakati wa vita kwa ajili ya walinzi wenye bunduki. Katika kundi la bukini wengi wa kawaida, Scott alifanikiwa kuona bukini wadogo wa jamii nyingine, ambao ni adimu mno Uingereza. Hapo ndipo alipokata shauri kwamba mahali hapo pangekuwa kituo chake.

Novemba 10, 1946, alianzisha rasmi hazina ya kuhifadhi ndege wa majini ya Severn, ambayo siku hizi inajulikana kwa kifupi kama WWT. Vibanda vilivyokusudiwa kuua vikawa vya kutazamia. Mtego wa kale uliokuwa ukitumiwa tangu karne ya 19 kunasa bata wa kitoweo uligeuzwa wa kunasa bata wavishwe pete mguuni na kuachiliwa, ili ijulikane wanakwenda wapi.

Jambo jingine lilikuwa geni kwa enzi hizo. Scott hakutaka eneo hilo liwe la wasomi peke yao. Alifungua milango kwa umma, akajenga vibanda ambamo mama, baba na watoto waliweza kukaa hatua chache tu kutoka kwa ndege wa porini bila kuwashtua. Aliamini kwamba mtu hawezi kulinda asichokipenda, wala hawezi kupenda asichowahi kukiona kwa karibu.

Maisha yake ya nyumbani nayo yaliambatana na ndege. Ndoa yake ya kwanza na mwandishi wa riwaya Elizabeth Jane Howard, iliyofungwa mwaka 1942 na kujaliwa binti mmoja, ilivunjika. Mwaka 1951 alimwoa Philippa Talbot-Ponsonby, msaidizi wake, wakiwa safarini Iceland kuwatafuta bukini wenye miguu ya waridi. Huko waliwazingira ndege hao wakati wa kunyonyoka manyoya, wakiwa hawawezi kuruka, na kuwavisha pete kwa wingi. Binti yao aliitwa Dafila, jina la kisayansi la aina ya bata, na mwana wao akaitwa Falcon kama babu yake.

Ndege aitwaye nene

Mtihani mkubwa wa kwanza wa Slimbridge ulitoka mbali, visiwa vya Hawaii. Huko kuna bukini ambaye wenyeji humwita nene, kwa kuiga mlio wake. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, kwa sababu kufikia mwaka 1950 hakukuwa na unene wowote wa kujivunia: ndege waliosalia porini walikadiriwa kuwa takriban 30 tu. Uwindaji pamoja na nguchiro, paka na panya walioletwa na wageni vilikuwa vimewamaliza.

Mwaka huo ndege wawili waliletwa Slimbridge, wakidhaniwa kuwa dume na jike. Wiki zilipopita, wote wawili wakataga mayai. Dume halisi alilazimika kuletwa kwa ndege kutoka Hawaii mwaka uliofuata, na akapewa jina la mfalme wa kale wa visiwa hivyo, Kamehameha. Kutokana na hao watatu, vifaranga wa kwanza walianguliwa mwaka 1952.

Ukoo huo uliongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1962, nene waliolelewa katika tope la Severn walirudishwa na kuachiliwa katika kisiwa cha Maui, ambako jamii yao ilikuwa imetoweka. Leo, kwa juhudi hizo na za Wahawaii wenyewe, nene wa porini ni zaidi ya 3,000, na mwaka 2019 Serikali ya Marekani iliwaondoa katika daraja la viumbe walio hatarini zaidi.

Ufanisi huo ulikuwa somo kwa wanasayansi wengi. Ulionyesha kwamba kiumbe aliyefika ukingoni mwa kaburi anaweza kuvutwa nyuma, mradi atokee mtu wa kunyoosha mkono kabla ya saa kupita.

Uso wa kila batamaji

Nyumba ya Scott ilikuwa na dirisha kubwa lililotazama kidimbwi. Mapema mwaka 1964, batamaji wa Bewick, ndege weupe wakubwa wenye shingo ndefu wanaozaliana kaskazini kabisa mwa Urusi, walianza kutua humo. Scott alikaa dirishani na kalamu yake akiwachora, na jicho la msanii likaona jambo ambalo wengi hawakuwa wamelitilia maanani. Madoa ya njano na meusi katika mdomo wa kila ndege ni tofauti na ya mwenzake, kama zilivyo alama za vidole kwa binadamu.

Familia nzima ikajitosa katika kazi hiyo. Walichora uso wa kila ndege, wakampa jina, na mwaka uliofuata wakaangalia nani amerudi, na nani, na watoto wangapi. Hivyo ndivyo ilivyofahamika kwamba batamaji huishi na mwenzi mmoja kwa miaka mingi, na kwamba wanaporejea baada ya safari ndefu huja na vifaranga wao. Utafiti huo ungali unaendelea, na ni miongoni mwa tafiti za muda mrefu zaidi duniani zinazofuatilia ndege mmoja mmoja.

Kazi hiyo haikumhitaji mtu amguse ndege wala kumjeruhi. Yule ambaye hapo awali aliwahesabu bukini baada ya kuwaangusha, sasa aliwajua batamaji kwa majina wakiwa hai.

Kutoka Afrika Mashariki hadi kwa panda

Mwaka 1960, mwanabiolojia Julian Huxley alizuru Afrika Mashariki kwa niaba ya shirika la UNESCO. Alirudi kwao akiwa na hofu, akaandika makala magazetini akionya kwamba wanyamapori wa eneo hili wangeweza kumalizika katika kipindi kifupi kutokana na uwindaji na kuharibiwa kwa makao yao. Makala hayo yaliwasha moto uliozaa hazina ya kimataifa ya kuhifadhi wanyamapori, WWF, iliyoanzishwa Septemba 1961 nchini Uswisi. Scott alikuwa mmoja wa waasisi wake.

Mwezi huo huo, mkutano mkubwa juu ya uhifadhi ulikuwa ukifanyika Arusha, ambako Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko lililoahidi kwamba Tanganyika ingewatunza wanyamapori kama urithi wa vizazi vijavyo.

Ni mkono wa Scott uliokamilisha mchoro wa panda, ile nembo nyeusi na nyeupe inayotambulika kote ulimwenguni. Aidha, kuanzia 1963 hadi 1980 aliongoza tume ya shirika la IUCN inayoshughulikia viumbe walio hatarini, na chini yake vikatungwa vile Vitabu Vyekundu vinavyoorodhesha viumbe wanaokaribia kutoweka. Televisheni nayo ilimfanya ajulikane na kila nyumba Uingereza, kupitia kipindi cha BBC kilichoitwa Look kilichoanza mwaka 1955.

Kwa Mkenya, huenda matunda yaliyo karibu zaidi ni Mkataba wa Ramsar, uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, Iran, mnamo Februari 2, 1971, kulinda ardhioevu. Scott aliupigania, na mkuu wake wa utafiti, Geoffrey Matthews, alikuwa miongoni mwa walioandaa matini yake. Ofisi ya kimataifa ya utafiti wa ndege wa majini, iliyosimamia hesabu za kila Januari, ilikuwa na makao yake pale pale Slimbridge kuanzia 1969.

Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1990 kwa kuliorodhesha Ziwa Nakuru. Baadaye ziliongezwa Naivasha mwaka 1995, Bogoria 2001, Baringo 2002, Elmenteita 2005 na Delta ya Mto Tana mwaka 2012.

Dosari za mwungwana

Hakuna binadamu asiye na ila, na Scott alikuwa nazo. Mwaka 1975 alimuunga mkono hadharani mtafiti mmoja Mmarekani aliyedai kuwa na picha za dubwana la ziwa Loch Ness huko Uskoti, na hata wakampa kiumbe huyo jina la kisayansi. Magazeti yalimcheka, na dubwana halijaonekana hadi leo.

Kosa jingine lilikuwa zito zaidi. Miongoni mwa ndege walioletwa Slimbridge kulikuwa na bata mwekundu wa Amerika Kaskazini. Katika miaka ya 1950 baadhi yao walitoroka, wakazaana na kuenea hadi Hispania. Huko walianza kujamiiana na bata wa kichwa cheupe, jamii adimu ya Ulaya, hadi ikahofiwa kwamba damu ya bata huyo wa asili ingepotea kwa kuchanganyika.

Mwaka 2005 Serikali ya Uingereza ililazimika kuanza kampeni ya kuwapiga risasi bata hao wageni nchini kote. Hivyo bunduki ikarudi majini kusahihisha kosa lililotendwa kwa nia njema. Ni fundisho kwamba kuwapenda viumbe peke yake hakutoshi. Ni lazima mapenzi yaongozwe na maarifa.

Mwana atimiza wasia

Mnamo 1973 Malkia Elizabeth wa Pili alimpa Scott cheo cha Sir kwa ajili ya kazi yake ya uhifadhi. Mwaka 1982, kampeni ambayo yeye alikuwa mmoja wa vinara wake ilizaa matunda pale tume ya kimataifa ya nyangumi ilipopiga kura kusimamisha uwindaji wa kibiashara. Alikwenda Antaktika pia, akajionea ardhi iliyomnyang'anya baba. Mwaka 1987 wanasayansi wa Royal Society walimkaribisha miongoni mwao, ingawa shahada yake ilikuwa ya historia ya sanaa.

Scott alifariki dunia mnamo Agosti 29, 1989, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 80. Miaka 77 ilikuwa imepita tangu barua ile iandikwe hemani.

Kazi aliyoiacha bado haijakwisha. Idadi ya batamaji wa Bewick wanaofika kaskazini magharibi mwa Ulaya imepungua sana tangu katikati ya miaka ya 1990, na kwa kuwa misimu ya baridi imepoteza ukali, wengi hawafiki tena Uingereza. Kama si yale majina na michoro ya dirishani, huenda upungufu huo ungetambuliwa kwa kuchelewa.

Hapa kwetu nako hali si shwari. Delta ya Tana imekuwa uwanja wa mabishano makali juu ya mashamba makubwa ya miwa yaliyopendekezwa katika miaka ya 2000. Sabaki hupokea maji ya Mto Athi, na chochote kinachomwagwa au kumomonyolewa kuanzia karibu na Nairobi huishia katika tope lile lile wanamolia ndege.

Wengi wetu tungali tunaamini kwamba chepechepe ni ardhi iliyopotea bure, inayosubiri kukaushwa ilimwe au ijengwe. Maisha ya Scott yanatuonyesha kwamba imani ya aina hiyo inaweza kubadilika. Yeye mwenyewe aliliona tope kama uwanja wa mawindo, mpaka siku aliporudi na kumkuta bukini mmoja akiwa angali hai, mahali ambapo hakuweza kumfikia.

Januari ijayo maji yatakapokupwa Sabaki, wenye darubini watakuwa huko tena, wakiandika hesabu zao daftarini. Msomaji aliye karibu hana haja ya kuwa mtaalamu ili ajiunge nao. Inatosha awe na macho, subira na viatu asivyojali kuvichafua.